Kalemie: Nati iliyolegea chini ya injini, hatari ambayo abiria haioni

KALEMIE – Kwa raia wengi wa jimbo la Tanganyika, ziwa ndilo barabara. Anayetoka Kalemie kwenda Moba na Moliro upande wa kusini, au Kabimba, Baraka na Uvira upande wa kaskazini, mara nyingi hupanda boti ya mbao pamoja na magunia ya mahindi, bidoni za mawese, ndakala zilizokaushwa, kuku na watoto. Kabla ya kupanda anauliza bei. Anaangalia mawingu. Mwenye uangalifu zaidi anaangalia kama boti imejaa kupita kiasi. Lakini ni wachache sana wanaoinama kuangalia chini ya injini, penye vyuma vinne au sita visivyozidi ukubwa wa kidole gumba: nati zinazoishika injini isitoke mahali pake.

Nati hizo, ambazo mafundi wetu huziita pia ekru kwa kufuata Kifaransa, zikilegea, safari haikatiki palepale. Boti inaendelea, kelele inabadilika kidogo, nahodha anadhani ni mawimbi. Baada ya muda injini imesogea, mhimili wa helisi umekwenda upande, bomba la mazutu limepasuka au maji yameanza kuingia. Gari likizimika barabarani linasimama na abiria wanashuka. Boti ikizimika ziwani haisimami: upepo unaigeuza hadi mawimbi yanaipiga ubavuni, na ubavu ndio upande dhaifu wa boti.

Jambo ambalo kila mwenye boti, fundi na abiria anapaswa kulijua ni hili: nati iliyolegea si ugonjwa, ni dalili. Anayeikaza na kuondoka bila kutafuta kilichoilegeza ameahirisha ajali tu.

Ziwa refu, pwani ya mawe

Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake kinafika mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya ziwa Baikal la Urusi. Kutoka Kalemie hadi Moba ni zaidi ya kilomita 100 za maji, na sehemu nyingi za pwani ni milima inayoteremka moja kwa moja ndani ya ziwa. Mahali kama hapo nanga yenye kamba fupi haigusi chini. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi makubwa.

Raia wa upande huu hawahitaji kukumbushwa jinsi maji yanavyochukua watu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2014, boti Mutambala ilizama kwenye ziwa hili na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Goma, ikiwa imekaribia kufika, na makumi ya watu wakapoteza maisha.

Katika ajali hizo mbili, lawama haikwenda kwa nati. Mamlaka walitaja uzito kupita kiasi. Lakini uzito na nati ni ndugu. Boti iliyojaa kupita kiasi inalazimisha injini kufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa nyingi, na mbao zake zinajipinda zaidi kila wimbi linapopita. Hapo nati zinalegea haraka. Na injini ikizimika, boti iliyojaa haina nafasi ya kungoja: kingo zake ziko karibu na maji, na mawimbi machache yanatosha kuijaza.

Kwa nini nati hulegea

Watu wengi wanadhani bulo na nati hushika kwa sababu meno yake yameingiana. Ukweli ni kwamba bulo ikikazwa inavutika kidogo sana, kama mpira, halafu inataka kurudi. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayobana mguu wa injini kwenye mti. Ikipungua, kinachobaki ni chuma kilichokaa juu ya chuma, na kila mtikisiko unaisogeza nati kidogo.

Mwaka 1969, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alichapisha utafiti uliobadilisha mawazo ya mafundi duniani. Alionyesha kwamba kinachofungua nati zaidi ni mtikisiko wa kwenda upande huu na upande ule, kuliko ule wa kwenda juu na chini. Mguu wa injini ukianza kuteleza kidogo tu chini ya nati, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, nati inajizungusha yenyewe na kufunguka. Kwa hiyo swali la fundi si kwamba nati ilikazwa kwa nguvu kiasi gani, bali ni kitu gani kinaruhusu mguu wa injini kuteleza.

Kwenye boti za mbao, majibu ni matatu.

La kwanza ni mti wenyewe. Mbao zikilowa huvimba, zikikauka husinyaa. Rondeli ndogo inazama ndani ya mti taratibu, na kila inapozama bulo inapoteza nguvu yake. Mti ulioanza kuoza ndani unaweza kuonekana mzima kwa nje kwa sababu ya rangi au mafuta yaliyomwagika.

La pili ni injini na helisi. Injini ya dizeli ya silinda moja au mbili inatikisika kuliko ya silinda nne au sita. Helisi iliyogonga jiwe na kupinda jani moja inatikisa boti nzima. Mhimili usionyooka na injini unaivuta injini pembeni kila unapozunguka, maelfu ya mara kwa saa.

La tatu ni mkono wa binadamu: bulo yenye meno yasiyolingana na nati, rondeli iliyosahauliwa, kipande cha bati au cha tairi kilichowekwa chini ya mguu ili kujaza nafasi, au rangi nene iliyopakwa kabla ya kukaza. Vyote hivyo vinabonyea baada ya siku chache na kuacha nati ikiwa wazi.

Hapa kuna imani moja ya kuachana nayo. Mafundi wengi wanategemea rondeli ya springi, ile inayoitwa grower. Kitabu cha mwongozo wa bulo na nati kilichotolewa na NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1990, kinasema wazi kwamba rondeli hiyo ikishakazwa hadi kulala inakuwa sawa na rondeli ya kawaida, na haizuii nati kufunguka. Kuiweka si kosa. Kosa ni kudhani kwamba imemaliza kazi.

Dalili zinazoonekana mapema

Nati haifichi siri kwa mtu anayeangalia. Unga mwekundu kama kutu kuzunguka rondeli unaonyesha kwamba vyuma vinasuguana. Pete inayong'aa chini ya nati inasema jambo hilohilo. Mlio wa kugonga wakati nahodha anabadilisha kutoka mbele kwenda nyuma unaonyesha kwamba injini inaruka mahali pake. Mtikisiko mkubwa injini ikiwa polepole, mkanda unaolia, au maji yanayoongezeka ndani ya boti bila mvua, vyote vinaomba mtu afungue kifuniko na kuangalia.

Kuna pia kipimo cha nyundo. Injini ikiwa imezimwa, fundi anaweka kidole upande mmoja wa nati na kuigonga kidogo upande wa pili. Nati iliyobana hutoa sauti safi na kidole hakisikii kitu. Iliyolegea hutoa sauti nzito, na kidole kinahisi inaruka.

Njia rahisi kuliko zote ni rangi. Nati ikishakazwa, fundi anapiga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye mguu wa injini. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Madereva wengi wa malori makubwa hutumia alama za namna hii kwenye nati za magurudumu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuukagua mstari huo, na kopo moja dogo la rangi linatosha kwa boti nyingi.

Kutengeneza, si kukaza tu

Kwa injini iliyo ndani ya boti, kazi inaanza kwa kuizima na kuiacha ipoe. Nati zinatolewa moja moja, bulo inasafishwa na kuangaliwa. Yenye meno yaliyolika, iliyonyooka kupita kiasi au yenye ufa inatupwa. Mti unaochukua injini unachomwa kwa ncha ya kisu: kisu kikiingia bila nguvu, mti umeoza, na hakuna nati itakayoshika hapo. Dawa yake ni kubadilisha mti.

Bulo inayopenya mti mzima na kufungwa upande wa pili ni bora mara nyingi kuliko skurubu iliyoingizwa ndani ya mti. Chini ya kila nati kwenye mti inafaa bamba la chuma lenye upana wa kutosha, ili nguvu isikae sehemu moja na kuzamisha rondeli.

Ili nati isizunguke, kuna njia mbili ambazo fundi wa Kalemie anaweza kuzitumia bila vifaa vya gharama. Ya kwanza ni nati yenye pete ya nailoni ndani, ambayo hailingani na sehemu zenye joto kali na haipaswi kutumiwa tena pete ikishalika. Ya pili ni nati mbili kwenye bulo moja: nyembamba inatangulia chini, nene inakaa juu, halafu ya chini inashikwa kwa kle moja huku ya juu ikikazwa kwa nyingine. Wengi hufanya kinyume, nene chini na nyembamba juu, na hapo kazi inapungua nguvu.

Injini zilizokaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, ile inayoitwa silanbloki, zina nati mbili kwa kila mguu. Ya chini inapanga urefu, ya juu inafunga. Ya juu ikilegea, ya chini nayo inaanza kushuka, na kona moja ya injini inazama. Hapo kukaza nati ya juu peke yake ni kufunga kosa mahali pake. Lazima urefu upangwe upya. Mpira uliovimba kwa sababu ya mazutu, uliopasuka au uliolala hauna kazi tena.

Kisha inakuja hatua inayorukwa mara nyingi: kunyoosha injini na mhimili wa helisi. Sahani mbili zinazoungana kati ya gia na mhimili zinafunguliwa na kusogezwa hadi karibu kugusana. Nafasi kati yake inapimwa juu, chini, kushoto na kulia. Kipimo ambacho mafundi wengi hufuata ni kwamba tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wa sahani. Hiyo ni kama unene wa karatasi moja ya ofisini. Kazi hii ifanywe boti ikiwa majini, kwa sababu boti ya mbao iliyo juu ya mchanga haina umbo lilelile ikielea.

Mwisho, nati zinakazwa kwa zamu, kona kwa kona, kidogo kidogo. Kuongeza bomba kwenye kle ili kupata nguvu zaidi kunaponda mti na kuvunja meno ya bulo. Na baada ya saa moja ya kwanza ya safari zinakaguliwa tena, kwa sababu vyuma na mti vilivyofungwa upya hutulia na kuacha nafasi.

Injini za nyuma

Boti ndogo na mitumbwi mingi hutumia injini ya esansi inayofungwa kwenye ubao wa nyuma. Skurubu mbili za kubana kwa mkono hazitoshi kwa safari ndefu wala kwa injini kubwa. Injini hizo zimeachiwa matundu ya bulo zinazopenya ubao, na matundu hayo hayakuwekwa kwa urembo. Bulo zikipita, ubao ukabanwa kwa bamba upande wa ndani, na matundu yakazibwa ili maji yasiingie kwenye mti, injini haitembei.

Pamoja na hayo, kamba imara au mnyororo mfupi uifunge injini kwenye boti. Ubao ukivunjika, mwenye boti atabaki na injini iliyolowa, ambayo fundi anaweza kuifungua na kuikausha. Bila mnyororo, katika ziwa lenye kina kama hiki, haitaonekana tena.

Ikilegea katikati ya safari

Nahodha akisikia kugonga chini ya injini, kitu cha kwanza ni kupunguza mwendo na kuelekeza pua ya boti kwenye mawimbi. Abiria wakae chini, katikati, na jile zivaliwe kabla ya hofu kuanza. Injini haiguswi ikiwa inazunguka: nguo au mkono ukinaswa na mhimili, shida moja inakuwa mbili.

Kabla ya kuizima, boti iwe mbali na mawe, na mbele kuwe na kitu cha kuishika pua. Turubai au ndoo iliyofungwa kwenye kamba ndefu na kutupwa majini kutoka mbele inaivuta boti isigeuke ubavu. Hapo ndipo fundi anaangalia mambo matatu kwa mpango: maji yanaingia, mazutu yanavuja, bulo imevunjika. Nati iliyolegea tu inakazwa pamoja na zenzake, kona kwa kona. Bulo iliyovunjika inabadilishwa, na kama hakuna nyingine, mguu wa injini unafungwa kwa kamba ngumu au mkanda wa mizigo.

Baada ya hapo boti inakwenda polepole kwenye ufuko wa karibu unaofaa kutua. Haiendelei na safari yake hata kama abiria wanalalamika kwamba soko litawapita.

Somo lililoanza mwaka 1915

Mji wa Kalemie una kumbukumbu yake ya bulo. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Uingereza iliamua kuleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika. Tarehe 8 Juni 1915 zilijaribiwa kwenye mto Thames, London. Mzinga wa Mimi ulipiga shabaha, lakini mzinga wenyewe na mpigaji wake wakatupwa mtoni. Haukuwa umefungwa vizuri kwa bulo kwenye sitaha.

Boti hizo zilisafirishwa hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba, zikateremka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha treni tena kuja upande wa Lukuga, hapa Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani ya Wajerumani. Aibu ya Thames ilikuwa bahati: kosa lilijitokeza kwenye jaribio, karibu na karakana, na si mbele ya adui.

Upande wa pili wa ziwa kuna somo jingine. Mwezi wa saba mwaka 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Uangalifu huo uliokoa injini zilizokaa majini kwa miaka.

Nani alipe saa moja?

Nati mbili na rondeli ni kitu kidogo mbele ya bei ya dramu la mazutu. Kinachokosekana mara nyingi ni saa moja. Mwenye boti anahesabu siku ambayo boti imelala bandarini kama hasara. Fundi anajua kwamba akisema boti isiondoke, wiki ijayo ataitwa mwingine. Nahodha analipwa kwa kufika. Abiria ameuza mbuzi ili apate nauli na hataki kusikia habari ya kesho. Kila mmoja ana sababu yake, na nati inaendelea kuzunguka.

Ukaguzi wa kuhesabu abiria na jile kabla ya boti kuondoka ni wa lazima. Kuongeza kipengele kimoja, mistari ya rangi kwenye nati za injini, kungechukua dakika mbili na hakuhitaji chombo chochote isipokuwa tochi. Vyama vya wenye boti vinaweza kuanza bila kungoja amri: kila boti iwe na kle zinazolingana na nati zake, nati na bulo za akiba ndani ya kopo lenye grisi, na daftari ambamo fundi anaandika tarehe ya ukaguzi na kutia sahihi.

Abiria naye ana neno. Anaweza kumuuliza nahodha maswali matatu kabla ya kulipa: injini ilikaguliwa lini, kle na bulo za akiba ziko wapi, jile yangu iko wapi? Nahodha mzuri atamwonyesha. Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu, na boti nyingine itaondoka kesho.